Kilichobaki Kapuni: Kazi ya Kupitia Nyaraka za Kielektroniki Katika Kesi

Upitiaji wa nyaraka za kielektroniki ni kazi ya kusoma baruapepe, mikataba, majedwali ya hesabu, picha na jumbe za simu zilizokusanywa kwa ajili ya kesi, na kuamua juu ya kila moja mambo mawili. Je, inagusa ubishi ulioko mahakamani? Na kama inagusa, ikabidhiwe upande wa pili au izuiwe kwa kuwa ni siri ya wakili na mteja wake? Ukiisikia, ni kazi nyepesi. Ugumu uko kwenye wingi. Mfanyakazi wa ofisini mwenye baruapepe 60 kwa siku, zinazoingia na zinazotoka, hufikisha 15,000 katika mwaka wa siku 250 za kazi. Wafanyakazi 10 kwa miaka 3 wana 450,000, kabla simu zao hazijaguswa. Msomaji mmoja akipitia 50 kwa saa, saa 8 kwa siku, atahitaji siku 1,125 za kazi, yaani zaidi ya miaka 4. Hakuna hakimu wa kumsubiri.

Kazi hii imekua na kuwa biashara kubwa hasa Marekani, kwa sababu ya utaratibu wa mahakama za huko. Kabla shauri halijasikilizwa, kila upande unaweza kumtaka mwenzake atoe nyaraka zinazohusu mgogoro, zikiwemo zile zinazomwumiza mtoaji mwenyewe. Uingereza nayo ina wajibu wa namna hiyo. Tarehe 1 Desemba 2006 kanuni za mashauri ya madai katika mahakama za shirikisho za Marekani zilirekebishwa ili kutaja waziwazi taarifa zilizohifadhiwa kielektroniki. Tangu hapo hakuna wakili aliyeweza kusema kwamba alidhani kinachotakiwa ni makaratasi ya kabatini.

Kabla ya kusoma chochote, nyaraka lazima ziwepo. Ndiyo maana hatua ya kwanza ni notisi ya kutofuta: pindi kampuni inapoona kesi inanukia, inawaagiza wahusika wasiguse walichonacho, na inasimamisha mitambo inayofuta baruapepe za zamani yenyewe. Kesi iliyofundisha somo hili ni ya Laura Zubulake, aliyekuwa akiuza hisa katika UBS Warburg na kuishtaki benki hiyo huko New York mwaka 2002 kwa ubaguzi wa kijinsia. Benki ilitoa takriban kurasa 100 za baruapepe. Bi Zubulake mwenyewe alikuwa ameweka nakala zake, takriban kurasa 450. Pengo hilo halikuhitaji mtaalamu wa kompyuta kulieleza.

Jaji Shira Scheindlin aliagiza kwanza kanda 5 za hifadhi zifunguliwe kama sampuli, na humo zikapatikana baruapepe zipatazo 600 zinazohusu kesi. Baadaye ikabainika kwamba baadhi ya kanda zilikuwa zimepotea, na kwamba wafanyakazi walikuwa wamefuta baruapepe hata baada ya kuelekezwa wasifute. Swali likawa: wajibu wa kutunza ulianza lini? Jaji aliona kwamba dalili zilikuwepo tangu Aprili 2001, miezi kadhaa kabla ya malalamiko rasmi, kwa kuwa wenzake Bi Zubulake kazini walikwisha kuanza kuandikiana habari zake chini ya kichwa cha usiri wa wakili na mteja, ilhali hapakuwa na wakili yeyote kwenye mazungumzo hayo. Ukweli ulijianika wenyewe. Julai 2004 jaji aliamua kwamba baraza la wazee wa mahakama lielezwe kuwa linaweza kudhani baruapepe zilizopotea zingeiumiza benki. Aprili 2005 baraza hilo likampa mdai dola milioni 29.3. Waliosimamia kazi hii baadaye walijifunza kwamba kutuma notisi hakutoshi. Wakili aende akazungumze na wahusika wakuu na watu wa kompyuta, kisha arudi tena kuhakikisha.

Zikishatunzwa, nyaraka hukusanywa na kupunguzwa. Kunakili faili kwa kuliburuta kutoka kwenye kompyuta ya mtu huweza kubadilisha tarehe zake, kwa hiyo hutumika vifaa vinavyonakili bila kugusa taarifa za ndani: nani aliliunda, lini, nani alilifungua mwisho. Kisha kila faili hupewa alama ya kidijitali, mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutokana na maudhui yake. Mafaili mawili yenye alama moja ni pacha, na mmoja huwekwa kando. Faida yake ni kubwa. Katika kesi ya Pyrrho Investments dhidi ya MWB Property, iliyoamuliwa London Februari 2016, mafaili milioni 17.6 yalishuka hadi takriban milioni 3.1 baada ya kuondoa pacha. Hata hivyo mashine ni kali mno: koma moja ikiongezwa, alama hubadilika yote, na mkataba uleule ukiwa katika muundo wa Word na wa PDF huhesabika kuwa nyaraka mbili.

Hapa ndipo makosa madogo yanayozaa fedheha huingia. Programu nyingi huonyesha saa kwa kipimo cha Greenwich. Baruapepe iliyotumwa Dar es Salaam saa 7:30 usiku wa kuamkia tarehe 3 Machi itaonekana imetumwa saa 22:30 ya tarehe 2, na kama hoja nzima ni nani alijua nini kabla ya tarehe 3, siku hiyo moja ni kila kitu. Msomaji asiyejua Kiswahili atakutana pia na ujumbe wa simu usemao "tukutane saa nane pale kwa fundi" na kuandika kwenye maelezo yake kwamba kikao kilipangwa saa mbili asubuhi. Mtumaji alimaanisha saa nane mchana, yaani 14:00.

Baada ya hapo huja msako wa maneno, na hapo ndipo watu wa sheria hujidanganya kuliko mahali pengine popote. Mwaka 1985 watafiti David Blair na M. E. Maron walichapisha jaribio walilolifanya juu ya hazina ya nyaraka takriban 40,000, zenye kurasa karibu 350,000, zilizoandaliwa kwa ajili ya kesi kubwa. Mawakili waliokuwa wakisaka waliambiwa waendelee mpaka waridhike kwamba wamepata angalau asilimia 75 ya nyaraka zinazohusika. Waliridhika. Watafiti walipopima kilichokuwa kimebaki, wastani wa walichopata ulikuwa asilimia 20.

Sababu haikuwa uvivu. Kesi ilihusu ajali, na mawakili walisaka neno hilo na ndugu zake. Lakini watu wa upande uliodaiwa, katika barua zao, hawakupenda kuiita ajali: waliandika "tukio", "hali ile", "tatizo", na wengine hawakuitaja kabisa, wakaandika tu "kuhusu barua yako ya wiki iliyopita". Anayejua jambo zima halitaji kwa jina lake anapomwandikia mwenzake anayelijua pia. Na jambo lenye aibu hutajwa kwa jina lake mara chache zaidi.

Kwa Kiswahili tatizo hili lina matabaka mawili. La kwanza ni la maneno ya kificho. Anayesaka "rushwa" au "hongo" kwenye simu za maofisa ununuzi atapata mafunzo ya maadili na taarifa za habari, basi. Wenyewe huandika "chai", "kitu kidogo", "ya soda", "usinisahau". Ukiweka "chai" kwenye orodha, unavuta kila kikao cha saa nne asubuhi cha ofisi nzima.

Tabaka la pili ni la sarufi. Programu nyingi za msako zilitengenezwa kwa lugha ambazo neno hubadilika mwishoni, kwa hiyo msakaji huandika mzizi na kuacha mwisho wazi. Kiswahili hubadilika mbele. Mwenye kutaka habari za kulipa hawezi kusaka "lipa" akategemea kuona "alilipwa", "hajanilipa", "tutawalipeni" au "malipo". Akiacha wazi pande zote mbili za "lip", programu itamletea hayo yote, pamoja na "mlipuko", "klipu" na kila "alipofika", "walipokutana" na "nilipomwona" iliyomo katika hifadhi, kwa kuwa kiambishi cha wakati uliopita kikikutana na "po" huzaa herufi hizohizo. Dawa ni kuandika maumbo yanayotarajiwa moja moja, kujaribu orodha juu ya nyaraka mia chache, kusoma zilizopatikana na zilizokosekana, kisha kurekebisha. Orodha ya maneno inayotungwa mezani na kusainiwa siku hiyohiyo na mawakili wa pande zote mbili huwa na heshima kubwa kuliko matokeo yake.

Njia iliyokuja kusaidia ni kuifundisha mashine kwa mifano. Wakili anayeijua kesi husoma nyaraka kadhaa na kuziwekea alama ya "inahusu" au "haihusu". Programu huchunguza zinafanana katika nini, kisha huzipanga zilizobaki kuanzia yenye uwezekano mkubwa hadi mdogo. Februari 2012, katika kesi ya Da Silva Moore dhidi ya Publicis Groupe, yenye baruapepe zaidi ya milioni 3, Hakimu Andrew Peck wa New York alikuwa wa kwanza kukubali kwa uamuzi ulioandikwa kwamba njia hiyo inafaa mahakamani. Miaka minne baadaye uamuzi wa Pyrrho uliifungulia mlango Uingereza. Tangu 2023 ofisi nyingi za mawakili zimeanza kujaribu pia programu za akili unde zinazosoma waraka na kuandika sababu ya uamuzi wao. Sababu hizo husomeka vizuri mno. Hilo halithibitishi kwamba ni sahihi, na kipimo chake ni kilekile cha zamani.

Mashine ikishapanga, watu husoma. Hapo ndipo fedha huishia: utafiti wa taasisi ya RAND uliotolewa 2012 uliona kwamba katika kila dola iliyotumika kutoa nyaraka, senti 8 ziliingia kwenye kukusanya, 19 kwenye kuandaa, na 73 kwenye kusoma. Kwa hiyo msimamizi wa mradi hupoteza au huokoa fedha za mteja kwa jinsi anavyowapanga wasomaji.

Chombo chake cha kwanza ni mwongozo wa upitiaji, kurasa chache zinazoeleza kesi inahusu nini, nani ni nani, mawakili ni akina nani, na kila alama itumike wapi. Mwongozo mzuri una mifano ya kweli kutoka kwenye nyaraka zenyewe. Chukua ujumbe huu wa kubuni, katika kesi ya kampuni ya usafirishaji inayodaiwa kughushi uzito wa mizigo: "Mzee kasema wa jana upite kama ule wa Morogoro. Karatasi nitakuletea kesho." Msomaji mgeni ataupita baada ya sekunde tano na kuweka "haihusu"; hakuna lori, hakuna uzito, hakuna namba. Aliyesoma mwongozo anajua kwamba "Mzee" ndivyo madereva wanavyomwita meneja wa kituo, na kwamba kuna lori lililopita mzani wa Morogoro likiwa na stakabadhi inayobishaniwa. Kwake, ujumbe huo ni kiini cha kesi: agizo limetoka juu, tendo ni la kurudiwa, na karatasi zitaandikwa baada ya gari kupita.

Kwa sababu hiyo jumbe za simu hazisomwi mojamoja. Baruapepe huunganishwa katika mnyororo wake na kusomwa ile ya mwisho yenye zote ndani yake. Mazungumzo ya WhatsApp hukatwa kwa siku, yakasomwa kama mazungumzo. Ujumbe wa sauti nao ni waraka, na mara nyingi huwa na uzito kuliko maandishi, kwa kuwa mtu anayeogopa kuandika hubonyeza kipaza sauti. Programu za kunukuu sauti huyumba panapochanganywa Kiswahili, Kiingereza na Sheng katika sentensi moja, kwa hiyo ujumbe muhimu lazima usikilizwe na mtu.

Wasomaji wawili wenye akili timamu hutofautiana juu ya waraka mmoja, na tofauti hiyo haiondoki kwa kuwakemea. Msimamizi huwapa wote nyaraka zilezile mia moja siku ya kwanza, akalinganisha alama, akakaa nao kujadili zile walizogawanyika, na kuandika uamuzi kwenye mwongozo. Baadaye msomaji wa ngazi ya pili, anayeijua zaidi kesi, hurudia sehemu ya kazi ya kila mmoja. Kasi nayo huangaliwa kwa tahadhari: anayepitia nyaraka 120 kwa saa pale wenzake wanapopitia 50 huenda amepewa kapu la matangazo ya mauzo, au huenda hasomi. Kumpigia makofi kabla ya kufungua alichokipitia ni kosa la kawaida la wasimamizi wanaolipwa kwa idadi.

Usiri wa wakili na mteja unahitaji macho yake pekee. Waraka mmoja wa ushauri wa kisheria ukivuja kwa upande wa pili, kengele imekwisha kulia na haiwezi kurudishwa kimya. Katika kesi ya Victor Stanley dhidi ya Creative Pipe huko Maryland, mwaka 2008, mdaiwa alitumia maneno takriban 70 kuchuja nyaraka za siri, na nyaraka 165 zikapenya hadi kwa mdai. Hakimu Paul Grimm aliamua kwamba haki ya usiri juu yake imepotea, kwa kuwa waliochagua maneno hayo hawakuweza kueleza waliyachaguaje wala kuonyesha kwamba waliyajaribu. Septemba mwaka huohuo Marekani ilitunga kanuni ya ushahidi namba 502, inayomruhusu aliyeteleza kudai nyaraka zake zirudishwe kama alichukua hatua za busara kuzuia kosa na kulirekebisha haraka. Wanaojua kazi huomba amri ya mahakama kuhusu jambo hilo mapema, mwanzoni kabisa mwa kesi.

Zile zinazozuiwa huorodheshwa: tarehe, mwandishi, mpokeaji na sababu ya kuzuia, bila kufichua kilichomo. Zinazotolewa zikiwa na sehemu za siri hufunikwa kwa weusi. Januari 2019 mawakili wa Paul Manafort, aliyewahi kuongoza kampeni ya Donald Trump, waliwasilisha mahakamani waraka wenye mistari iliyofunikwa. Waandishi wa habari wakainakili na kuibandika kwingine, maneno yote yakasomeka. Weusi ulikuwa juu ya maandishi, nayo maandishi yalibaki chini yake kama vumbi chini ya mkeka. Kufunika halisi ni kuyaondoa maneno yenyewe kwenye faili, pamoja na taarifa za ndani zinazoweza kuyabeba.

Limebaki swali la Blair na Maron: kiasi gani kimekosekana? Jibu hutafutwa pale ambapo hakuna anayependa kutazama, kwenye kapu la zilizotupwa. Tuseme kati ya nyaraka 520,000, mashine na watu wamepata 20,000 zinazohusika na kuacha 500,000. Msimamizi huchota 2,400 bila kuchagua kutoka kwenye zilizoachwa, na wakili mzoefu huzisoma bila kuambiwa zimetoka wapi. Akikuta 24 zinazohusika, hiyo ni asilimia 1. Kwa hiyo katika kapu zima huenda zimebaki 5,000. Zilizopatikana ni 20,000 kati ya 25,000, yaani asilimia 80. Makadirio haya hayana uhakika wa nukta, lakini yanaweza kusemwa mbele ya hakimu. Idadi ya sampuli haikutoka hewani: katika Da Silva Moore ilikuwa 2,399, inayotoa uhakika wa asilimia 95 na kosa la asilimia 2 juu au chini. Wengi hushangaa kwamba kwa kapu la milioni 3 au milioni 30 sampuli hubaki karibu ileile. Mpishi hashangai, kijiko kimoja humwonyesha chumvi ya sufuria nzima, ndogo au kubwa, mradi mchuzi umekorogwa.

Asilimia pekee haimalizi. Zile 24 husomwa tena kwa swali lingine: zina jipya? Zikiwa nakala za mialiko ya kikao ambacho kumbukumbu zake zimekwisha kupatikana, kazi imefika mwisho. Ikiwemo hata moja inayofungua jina, akaunti au safari ambayo haikujulikana, msako huanza upya kutoka hapo, hata kama hesabu inapendeza.

Afrika Mashariki haina wajibu wa kubadilishana nyaraka kwa upana wa Marekani, lakini ushahidi wa kielektroniki umekwisha kuzoeleka mahakamani. Tanzania, Kitengo cha Biashara cha Mahakama Kuu kilikubali kumbukumbu za benki zilizotoka kwenye kompyuta katika kesi ya Trust Bank Tanzania dhidi ya Le-Marsh Enterprises, ya mwaka 2000, wakati sheria ya ushahidi ilikuwa bado inazungumza lugha ya vitabu vya wino. Bunge lilifuata kwa marekebisho ya 2007, kisha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, inayomtaka hakimu apime namna taarifa ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na ilivyotunzwa isiguswe. Kenya, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai cheti kutoka kwa mtu mwenye dhamana ya kifaa kilichotoa waraka. Mipango mizuri ya upitiaji hukusanya vyeti hivyo siku ya kunakili, wakati fundi yupo na anakumbuka. Miaka mitatu baadaye amehamia kampuni nyingine, simu yake haipatikani, na picha ya skrini iliyobeba kesi nzima haina wa kuisemea.

Nyaraka zikishakabidhiwa kwa namba mfululizo na hukumu ikishatoka, husalia nakala zake: kwenye seva ya ofisi ya wakili, kwa kampuni iliyokodisha programu, kwa mtaalamu aliyeshauri, kwenye kompyuta za wasomaji waliofanya kazi nyumbani. Ndani yake mna mishahara, vyeti vya hospitali na picha za watoto wa watu ambao hawakuwa hata sehemu ya kesi. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, haziruhusu taarifa za namna hiyo zikae baada ya haja yake kwisha. Kazi ya mwisho ya msimamizi, muda wa rufaa ukishapita na mteja akikubali kwa maandishi, ni kuzunguka kwa wote hao na orodha yake mkononi, akikusanya hati za kuthibitisha kwamba nakala zimefutwa.